Aibu ya Nyumba

Nyumba hupambwa mara mbili: siku ya kumwingiza bibi arusi na siku ya kumtoa mwenyewe. Pambo la kwanza hufanywa kwa nyimbo na vigelegele. La pili hufanywa kimya kimya, na aghalabu kwa haraka. Katika pambo la kwanza hakuna anayedanganywa, kwa maana wote wanajua kuwa ni pambo. Katika la pili yupo mtu mmoja asiyejua, na mtu huyo ndiye anayelipa.

Katika nchi za baridi, kama Uingereza na sehemu kubwa ya Marekani, wenye kuuza nyumba hupenda kungoja majira ya kuchipua. Theluji imekwisha, bustani zimechanua, mchana umerefuka, na mnunuzi aingiapo hupokewa na mwanga madirishani. Pwani ya Afrika Mashariki haina majira hayo, lakini inayo yafanyayo kazi kama hiyo. Ni mwisho wa kaskazi, baina ya Januari na Machi, wakati mbingu ni kavu, wageni ni wengi, na ukuta uliopakwa chokaa hung'aa kama kanzu ya Idi. Basi mwenye nyumba ya kuuza hujitahidi kuiuza kabla ya masika. Sababu inayotajwa ni wageni. Sababu isiyotajwa ni kwamba mvua ina ulimi.

Nyumba inayosimuliwa hapa ni moja katika nyumba za mawe za mji wa Lamu, za namna ile iliyoufanya mji huo uingizwe mwaka 2001 katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene hata mtu aliye ndani asisikie kwato za punda apitaye njiani. Vyumba vyake ni virefu na vyembamba. Upana wake haufiki mita 3. Si kwamba wajenzi wa zamani walipenda wembamba. Boriti za mikoko ndizo zilizokuwa kipimo chao, na boriti haikubali kurefushwa. Juu ya boriti hutandazwa mawe bapa, na juu ya mawe hushindiliwa sakafu ya kokoto na chokaa. Aingiaye hupita daka lenye baraza mbili, akatokea katika kiwanda kilicho wazi kwa mbingu. Mbele yake ni misana, na nyuma ya misana ni ndani, ambamo zidaka zimepangwa ukutani safu juu ya safu.

Mwenye nyumba hiyo alifariki akaacha mjane, wana wawili wa kiume na mabinti watatu. Kwa sheria ya mirathi ya Kiislamu, baada ya kulipwa madeni na kutimizwa wasia, mjane aliye na watoto hupata thumuni, yaani sehemu moja katika nane; zilizobaki hugawiwa watoto, mwanamume kwa fungu la wanawake wawili. Hesabu ya nyumba hii ilitoka nyepesi kama ya kitabu cha shule: mama sehemu moja, kila binti moja, kila mwana mbili; jumla nane. Lakini iliyokuwa nyepesi juu ya karatasi ilikuwa nzito juu ya mawe. Nani apewe kiwanda, na nani apewe zidaka? Mlango mmoja haugawanyiki kwa watu sita. Wana wote wawili walikuwa Mombasa, binti mmoja alikuwa Muscat, wa pili alikuwa ameolewa Malindi. Binti wa mwisho peke yake alikaa na mama yake. Huyo alikuwa mjane kama mama, na mwanawe alikuwa amepata nafasi katika chuo kikuu, lakini karo haikupatikana. Kwa hiyo walikubaliana kuuza.

Dalali akaitwa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kazi yake, na kazi yake aliijua. Alizunguka vyumba vyote, akashauri kwamba vyombo vikuukuu viondolewe ili vyumba vionekane vipana. Kwamba mlango wa nakshi usuguliwe na kutiwa mafuta. Kwamba kuta zote zipakwe nyeupe. Na kwamba ukuta wa msana wa juu, uliokuwa na michirizi, upigwe lipu ya saruji kabla ya kupakwa. "Macho hununua kabla ya akili," alisema. "Na jambo kubwa, iwe tayari kabla ya mwezi wa tatu kwisha. Nyumba iliyolowa haina mteja."

Wiki ya kwanza ilikuwa ya kutoa vitu. Hapana aijuaye nyumba yake mpaka siku ya kuihama. Katika zidaka zilionekana miwani ya marehemu, kopo la udi lililokwisha, risiti za bati na misumari, na barua zilizofungwa kwa uzi. Nyuma ya mlango wa ndani zilionekana alama za mkaa zilizopima vimo vya watoto watano, kila alama na mwaka wake. Binti alizitazama kwa muda, kisha akauliza kama nazo zipakwe. Mama alijibu kwamba zipakwe. Mnunuzi hanunui vimo vya watoto wa watu. Hapo ndipo ilipodhihirika kwamba hakuwa mtu wa kung'ang'ania mambo yaliyopita. Alijua tofauti baina ya kumbukumbu na mali, na alikuwa tayari kuipoteza ya kwanza kwa ajili ya pili. Kilichomzuia baadaye kilikuwa kitu kingine.

Wiki ya pili alikuja fundi. Aliweka ngazi katika msana wa juu, akagonga ukuta kwa mpini wa mwiko wake, akasikiliza kama tabibu asikilizavyo kifua. Mahali palipolia vizuri alipapita. Mahali palipolia kama kibuyu alisimama, akabandua. Chini ya rangi palikuwa na saruji, na chini ya saruji palikuwa na ufa mrefu ulioshuka toka dari hata kwenye kizingiti. Vichwa vya boriti saba vilivyoingia ukutani vilikuwa vimeoza. Kidole kilizama ndani yake kama katika muhogo uliochacha.

Saruji hiyo marehemu mwenyewe ndiye aliyeitia miaka mingi nyuma, na aliitia kwa nia njema, akidhani kuwa kigumu ni bora kuliko laini. Lakini ukuta wa matumbawe hunywa maji ya mvua na unyevu wa ardhi, nao hauna budi kuyatoa tena. Chokaa huyapitisha yakakauka kwa upepo. Saruji huyafungia ndani. Maji yakikosa njia hukaa na chumvi yake ndani ya jiwe, hulila polepole, na hufuata vichwa vya boriti. Nje ukuta huonekana mzima; ndani unakufa.

"Bibi," fundi alisema, "kazi hii ina njia mbili. Nikipiga saruji tena, siku mbili nimekwisha, na hata mimi mwenyewe nikirudi sitauona ufa. Nikitoa boriti nitie nyingine, na ukuta nirudishie chokaa, chokaa yataka kulazwa na maji, na ukuta wataka kukauka kwa zamu yake. Masika yatatukuta."

"Na ukipiga saruji, dari itakaa muda gani?"

"Labda masika mawili. Labda haya haya. Mungu ndiye ajuaye."

"Basi ngoja, fundi," mama alisema. "Usiguse kitu."

Usiku ule alizungumza na wanawe kwa simu. Mwana mkubwa hakuona tatizo. Alisema kila auzaye hupaka rangi. Mnunuzi ana macho yake, na akitaka alete fundi wake. Tena alikumbusha kwamba si nyumba ya mama peke yake: katika sehemu nane mama anayo moja, naye mwana anazo mbili. Maneno hayo yalikuwa makali, lakini hayakuwa ya uongo. Kuona haya ni rahisi kwa asiye na hasara. Na katika jambo hili hasara ilikuwa ya watu sita.

"Kupaka rangi si vibaya, mwanangu," mama alijibu. "Nataka kujua rangi hiyo inafanya kazi gani. Ikiwa inapendeza, ni rangi. Ikiwa inaficha, ni mkono wangu juu ya mdomo wa ukuta."

Kiswahili kina neno linalofaa kutazamwa hapa. Katika sheria ya biashara ya Kiislamu, kasoro ya kitu kinachouzwa huitwa aibu, na mnunuzi aliyefichwa aibu ana hiari ya kukirudisha. Asili ya neno ni Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni dosari iliyomo katika kitu. Waswahili walipolipokea waliliegemeza zaidi upande wa mtu: aibu kwao ni fedheha, ni kushindwa kutazamana. Huenda hawakukosea. Ufa ukiwa wazi ni dosari ya ukuta. Ukifichwa huhama ukutani ukamwingia muuzaji. Husimuliwa katika hadithi kwamba Mtume alipita sokoni penye chungu ya nafaka, akatia mkono ndani, vidole vikatoka na majimaji. Mwenye mali alijitetea kwamba imenyeshewa na mvua. Akaulizwa kwa nini hakuiweka juu ile iliyolowa, watu waione. Mfanyabiashara yule hakulaumiwa kwa mvua. Alilaumiwa kwa mpango wa chungu yake.

Methali isemayo usipoziba ufa utajenga ukuta hufundishwa watoto shuleni, nayo ni kweli. Walakini haisemi ufa huzibwa kwa nini. Kuna kuziba na kuna kufunika. Kwa macho kazi hizi mbili hazitofautiani, hata rangi yake ni moja. Hutofautishwa na mvua tu.

Asubuhi mama alimwita binti yake, kwa kuwa yeye ndiye ambaye uamuzi huo ungemuumiza zaidi. Alimweleza njia zote mbili na gharama zake, wala hakumwambia yeye mwenyewe anataka ipi. Binti alinyamaza kitambo. Mwisho alisema, "Mama, karo naitaka. Lakini msana ule ndiko watoto wanakolala. Mnunuzi naye atakuwa na watoto."

Mabinti watatu wakawa upande wa mama. Sehemu nne kwa nne. Mwana mdogo alipoambiwa kwamba kura imesimama katikati, alicheka, akahamia kwao.

Fundi akatoa boriti tatu zilizokuwa mbaya kuliko nyingine, kwa kuwa fedha ya saba haikuwapo. Alibandua saruji yote, akarudishia chokaa sehemu aliyoiweza. Ufa akaushona kwa mawe madogo, akauacha bila kuupaka rangi, ukaonekana kama kovu. Dalali alipoona hivyo alisikitika kwa dhati. Wageni wa kaskazi wakaenda zao. Upepo ukageuka kuwa kusi, mbingu zikafunga, na masika yakaingia.

Usiku wa mvua kubwa ya kwanza mama na binti hawakulala. Walipanda na taa kusikiliza. Palipotiwa chokaa palikaa kavu. Kwenye boriti nne zilizobaki maji yalipita, tone baada ya tone. Wakatega sinia la shaba, na hata alfajiri likawa limejaa nusu.

Mnunuzi alikuja mwezi wa tano, kutoka Nairobi, akiwa amelowa mpaka magotini. Hakuna aliyemtandikia maneno. Mama alimwonyesha mlango na zidaka, kisha akampandisha juu, akamwonyesha sinia, kovu, boriti tatu mpya na nne mbovu. Mgeni aliuliza maswali mengi, akaondoka, akarudi baada ya wiki na bei yake. Ilikuwa pungufu kwa moja ya nane kuliko ile aliyoitaja dalali. Ukweli ulidai thumuni yake kama binti wa nne, na hapakuwa na kadhi wa kuukatalia.

Haifai kusema kwamba hasara hiyo ililipwa kwa njia nyingine, maana haikulipwa. Mwana mkubwa alipokea fungu lake bila furaha, na mwaka ule hakuja kuamkia Idi. Fedha ya binti ilichelewa na ilikuwa pungufu, kwa hiyo mwanawe aliingia chuoni mwaka uliofuata, wenzake wakiwa mbele yake. Unyofu una bei, na si haki kuusifu mbele za watu huku bei yake ikifichwa. Kufanya hivyo ni kuupaka saruji.

Siku ya kukabidhi, mama alifagia daka na baraza zote mbili, kama alivyofagia kila asubuhi. Mnunuzi alipofika alimpa ufunguo, lakini hakumwachia mara. Alimpandisha tena msana wa juu, akamwonyesha kwa kidole.

"Hii ya pili na hii ya tatu, zitoe kabla ya masika mengine. Hizi mbili za mwisho zaweza kungoja mwaka mmoja. Ukuta huu usiutie saruji, hata ukiambiwa na nani. Na mvua ikinyesha usiku, tega hapa, si pale. Maji huanza hapa."

Mnunuzi alitoa kalamu, akaandika yote.