Mbegu za Mrehani wa Ramisi

Juma hili safari yetu ilikuwa ya Ramisi. Ukishavuka kivuko cha Likoni, barabara ya kusini hukupitisha Ukunda na Msambweni hadi kuufikia Mto Ramisi, unaoteremka kwenda baharini upande wa Funzi. Hii ni nchi ya miwa. Wazee wake hawajasahau jinsi kiwanda cha zamani cha sukari kilivyofungwa mwishoni mwa miaka ya 1980, mishahara ikakatika na mashamba yakageuka vichaka. Ilipita zaidi ya miaka 20 kabla ya kiwanda kipya kuanza kusaga.

Tuliitwa na mama mmoja, msomaji wetu. Bintiye alimletea kutoka Ulaya pakiti ya mbegu za maua yaitwayo pansi. Alizipanda mara mbili, hazikuota. Tulimweleza kwamba pansi ni maua ya nchi za baridi. Mbegu zake hutaka giza na udongo uliopoa. Penye ubaridi kama Limuru huweza kustawi, lakini joto la pwani huzishinda.

Hapo tukaona kando ya mtungi wake mrehani uliojaa, harufu yake imeenea ua mzima. Tukamwuliza, "Mama, na huu je?"

"Mbegu ni za marehemu mama yangu, maalim," akajibu. "Kiwanda kilipofungwa tulikosa hata sukari ya chai, lakini rehani haikukosekana nyumbani kwetu."

Siri yake ni kwamba hachumi vyote. Kila msimu huacha vikonyo kadhaa vitoe maua na kukauka hadi viwe rangi ya kahawia. Huvifikicha viganjani, akapepeta makapi. Kila kikombe kidogo cha ua hubeba mbegu zisizozidi 4, nyeusi, ndogo kuliko ufuta. Mvua kubwa za masika zikipungua, huchanganya mchanga na samadi kavu ya mbuzi, akazitawanya juu juu tu, kwani mbegu za mrehani, kinyume cha pansi, hupenda mwanga na joto. Maji huyanyunyiza kwa vidole ili zisisombwe. Zikilowa huvaa utando wa utelezi, na kwa muda wa kama juma moja huchipuka. Mche ukipata majani manne huhamishwa. Ukifika urefu wa kiganja hukatwa ncha ili utoe matawi.

Kina mama, rehani mwaijua. Ndiyo ya kikuba cha bibi harusi, na ndiyo tunayomwekea maiti wetu. Imetajwa katika Suratur-Rahman, na Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ametufunza kwamba anayepewa rehani asiikatae, kwa kuwa ni nyepesi kubeba na harufu yake ni njema. Hata hivyo, nyumba nyingi leo huinunua sokoni siku ya shughuli, na mabinti wetu hawajui hata mbegu yake ilivyo.

Mama yule alitufungia kijiko kimoja cha mbegu katika karatasi, nasi tumezigawa kwa wanafunzi wa kike wa madrasa. Tunawaomba wazazi wawape kopo lililotobolewa chini na mahali penye jua. Na mrehani utakapochanua, msiuchume wote. Acheni vikonyo vikauke, binti avune mwenyewe, ampe na jirani.