Kabla Saba Haijafika Dukani

Januari 2009 Microsoft iliruhusu mtu yeyote duniani apakue Windows 7 ikiwa bado haijakamilika. Mkuu wake wa wakati huo, Steve Ballmer, aliitangaza tarehe 7 huko Las Vegas, na milango ikafunguliwa tarehe 9. Kampuni ilikuwa imesema nakala zitaishia milioni 2.5, lakini watu walivyovamia, seva zikaelemewa, kazi ikasogezwa hadi kesho yake, na ule ukomo wenyewe ukaondolewa.

Sisi mafundi wa Kariakoo hatukuwemo kwenye msongamano ule. Faili la biti 32 lilikuwa na gigabaiti karibu 2.4, na Dar es Salaam ya wakati huo ilipata intaneti kwa setilaiti. Kwenye kafe niliyokuwa nikienda, mashine zote ziligawana kilobiti 128 kwa sekunde. Hata ningeachiwa mstari wote peke yangu, faili lile lingekula zaidi ya saa 40, tena umeme usikatike. Kwa hiyo Saba ilitufikia kwa ndege. Kaka yangu aliyekuwa akiishi Uingereza aliipakua usiku, akaichoma kwenye DVD, akaandika namba ya ufunguo juu ya kasha, akampa abiria aliyekuwa anarudi nyumbani.

Aliyewahi kupiga Windows XP kwenye mashine za mitumba atanielewa nikisema kwamba kilichonishangaza kwanza hakikuwa rangi wala yule samaki wa buluu aliyekaa katikati ya skrini. Ni draiva. Kwa XP, kupiga Windows ilikuwa nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ilikuwa kutafuta draiva ya sauti, ya mtandao, ya kioo, kwa mashine iliyofika bila CD yake wala karatasi yoyote, na mteja amekaa kwenye benchi anasubiri. Saba iliwaka ikiwa tayari inasikika na inaona mtandao. Nilikuwa nimeipiga kwenye Pentium 4 niliyoiongezea RAM ikafika gigabaiti moja, kiwango cha chini kabisa kilichotakiwa. Vista kwenye mashine ile ile ilikuwa inaganda kila ukifungua folda. Saba ilitembea. Niliwaita majirani wa vibanda vya pili na vya tatu waje waone, nao wakaja, na mmoja akataka aguse panya mwenyewe ahakikishe.

Juu ya kila dirisha kulikuwa na maandishi madogo ya kutuma maoni. Ukibonyeza, unaeleza kilichokushinda, na maelezo yako yanakwenda kwa waliokuwa wanaijenga. Jambo hili liliniingia moyoni kuliko lolote. Miaka yote tulikuwa tunapokea kompyuta baada ya wengine kuzitumia na kuzichoka, pamoja na programu ambazo maamuzi yake yalishafanywa zamani. Hapa kitu kilikuwa bado kiko jikoni, na mtu wa Mtaa wa Msimbazi anaulizwa kimepungukiwa nini. Nikaandika juu ya printa ya zamani ya leza ambayo stationari nyingi za mjini ziliitegemea na ambayo Saba haikuitambua. Niliandika kwa Kiingereza changu cha shule, polepole, kama barua ya maombi ya kazi. Jibu halikuja. Sikuona kama nimepoteza muda. Kwa watu wengi kiasi kile, la maana ni kwamba tatizo la stationari zetu lilihesabiwa pamoja na ya wengine.

Toleo la pili la majaribio, tuliloliita RC, lilitolewa kwa watu wote Mei 5. Ndani yake kulikuwa na badiliko ambalo pengine halikutajwa sana kwingine, lakini Dar lilikuwa neema. Wakati ule hati zilisafiri kwa flashi: kutoka ofisini kwenda stationari, kutoka chuoni kwenda nyumbani, na virusi vikasafiri humo humo. Ukichomeka flashi, Windows ilisoma faili dogo la autorun lililoeleza cha kufanya, na virusi vilijiandika ndani yake. Conficker, kirusi kilichojulikana tangu mwisho wa 2008, iliweza kujitokeza kwa sura ya folda ya kawaida. Unadhani unafungua kazi zako, kumbe unaikaribisha. RC ilikata njia hiyo kwa flashi, ikaiacha kwa CD na DVD tu. Nilichomeka flashi chafu makusudi, nikangoja. Menyu ikaja bila ile folda ya uongo.

Baada ya hapo nilianza kuwapigia wateja wachache, wale tu waliokubali baada ya kuelezwa kwamba ni kitu cha majaribio na kina mwisho, na baada ya kazi zao kuhifadhiwa pembeni. Mmoja alikuwa mwalimu wa sekondari aliyepoteza mitihani aliyoitunga kwa sababu ya virusi vya flashi.

"Shikamoo mwalimu. Hii itakufaa, lakini mwakani itakoma."

"Marahaba. Ikikoma nitakuja, fundi. We nipigie."

Saba ilikamilika kiwandani Julai 22. Kesho yake, Julai 23, mkongo wa intaneti wa SEACOM ulizinduliwa, kilomita 17,000 chini ya bahari, ukapitia kwetu na Mombasa. Kasi haikupanda siku hiyo hiyo, ila ilipopanda nilipakua kwa mkono wangu masahihisho ya Saba, bila kumsumbua kaka wala abiria. Dukani ilifika Oktoba 22.

RC iliwekewa ukomo wa Juni 1, 2010, na kuanzia Machi 1 ilijizima kila baada ya saa mbili ili kumkumbusha mwenyewe. Niliwapigia simu wote kabla ya tarehe hiyo. Wengi niliwarudisha kwenye XP, maana leseni ilikuwa ghali kuliko mashine yenyewe. Mwalimu alikataa kurudi nyuma. Aliomba nimsubiri zamu yake ya upatu, na siku zile za kusubiri akawa anatunga mitihani kwa saa mbili mbili, anahifadhi, anawasha tena. Zamu ilipofika alikuja na boksi la Saba halijafunguliwa, tukaipiga jioni ile ile.