Kibegi cha Chini ya Kiti: Beba Kile Ambacho Barabara Haina

Leo naweka kando mambo ya programu na hifadhidata ili tuzungumze kuhusu kitu kidogo kinachokaa chini ya kiti cha baiskeli yangu. Naam, kibegi. Usicheke! Nilitumia muda mwingi zaidi kukichagua kuliko nilivyotumia kuchagua kompyuta ninayoandikia makala hii. Nadhani sababu zangu zitamfaa yeyote anayeendesha baiskeli ya barabarani hapa Kenya, ile ya matairi membamba na usukani uliopinda kama pembe za kondoo dume.

Vibegi hivi huuzwa kwa ujazo, kuanzia kama lita 0.3 hadi zaidi ya lita moja. Watu wengi huingia dukani, huchagua kinachowapendeza macho, kisha hurudi nyumbani kutafuta vitu vya kukijaza. Na kibegi kikubwa hakikosi kujaa. Utatia spana ya pili, betri, koti la mvua, na baada ya mwezi mmoja unapanda Limuru ukiwa na duka zima la vipuri chini ya makalio. Sisi tunaoandika programu tunaujua ugonjwa huu. Hununui seva kwanza halafu ukatafute kazi ya kuipa. Unaanza na mahitaji.

Haya basi, mahitaji ni yapi?

Hapa ndipo ninapotofautiana na ushauri mwingi ulioandikwa Ulaya na Marekani. Orodha zao hudhani kwamba uko peke yako barabarani, na kwamba lolote likitokea utajisaidia mwenyewe au upige simu nyumbani. Barabara zetu zina watu. Karibu kila kituo cha soko kina fundi chini ya mti au kando ya kibanda, na karai la maji, gundi, viraka, pampu na spana chache. Fundi huyo alijifunzia kazi kwenye Black Mamba, ile baiskeli nzito ya breki za vyuma iliyobeba maziwa, kuni, mitungi ya maji na abiria. Siku hizi pikipiki ndizo zinazompa kazi nyingi, lakini ujuzi wa kuziba pancha bado uko mikononi mwake.

Kwa hiyo swali langu si "nitahitaji nini nikiharibikiwa?" Swali langu ni "nitahitaji nini ambacho fundi wa barabarani hana?" Ukiliuliza hivyo, orodha inapungua sana, na vinavyobaki ni vitu ambavyo huwezi kuvikosa.

Chukua tyubu. Gurudumu la Black Mamba ni la inchi 28, na rimu yake ina kipenyo cha milimita 635 pale tairi linapokalia. Rimu ya baiskeli ya barabarani, ile inayoandikwa 700c, ni milimita 622. Tofauti ni ndogo kwa macho, lakini tairi la moja haliingii kwenye nyingine. Tyubu nayo imetengenezewa tairi la upana wa karibu milimita 40. Ukiilazimisha ndani ya tairi la milimita 25 itajikunja, na mkunjo huzaa pancha nyingine. Hata kabla ya hapo utakwama kwenye valvu. Rimu nyingi za baiskeli ya barabarani zina tundu la karibu milimita 6.5 kwa ajili ya valvu nyembamba ya Presta. Valvu nene, kama ile ya gari na pikipiki, inataka tundu la zaidi ya milimita 8.

Maana yake ni kwamba unaweza kuwa katikati ya soko lenye mafundi watano na maduka matatu ya vipuri, na usipate tyubu hata moja ya kukufaa.

Jumapili moja tulikuwa wawili kwenye barabara ya Namanga, tukirudi kutoka Kajiado. Barabara ile hupita malori mengi, na matairi yao yakipasuka huacha pembeni nyuzi nyembamba za chuma ambazo huzioni mpaka zikuchome. Mwenzangu alipata pancha, akatumia tyubu yake ya akiba. Kilomita chache mbele ikawa zamu yangu, nikatumia yangu. Kabla ya Isinya yeye akapata nyingine. Saa kumi na moja jioni, tyubu za akiba sifuri, na giza la kwetu halibishi hodi.

Tulitembea hadi tukampata mzee mmoja fundi. Tukamsalimu, akaitazama tyubu kwa muda, akaivuta kwa vidole kama anayepima mpira wa manati.

"Kijana, hii ni tyubu ama ni utumbo wa kuku?"

Lakini alijua kazi. Aliizamisha kwenye karai akapata tundu kwa mapovu. Akakwaruza mpira kwa kipande cha msumeno, akapaka gundi, akasubiri ikauke. Kisha akakata kiraka chembamba kuliko vile alivyokuwa navyo, akakipunguza kingo ili kisisumbue ndani ya tairi letu jembamba. Tulilipa shilingi 50.

Tatizo likaja kwenye upepo. Pampu ndogo tuliyokuwa nayo ilikuwa imekatika mpira wa ndani, na pampu yake kubwa ilikuwa ya valvu nene. Nikatoa kwenye kibegi kipande cha shaba kidogo kuliko ncha ya kidole. Ni adapta: unaifunga juu ya valvu ya Presta, na kuanzia hapo pampu yoyote ya pikipiki au ya kituo cha mafuta inaingia. Mzee akapiga pampu, tairi likawa gumu, tukaondoka. Kwenye kituo cha mafuta mbele tuliongeza upepo kwa adapta ileile, na tulifika Kitengela taa zikiwa ndiyo kwanza zinawashwa.

Wenzangu wa programu mtanielewa. Mifumo miwili isiyoelewana, na kati yao kipande kidogo kinachotafsiri. Ujuzi wote ulikuwa wa mzee. Adapta ilituunganisha naye tu. Tangu siku hiyo napanga kibegi changu hivi: kila kitu ndani yake ama ni kile fundi hana, ama ni kile kinachomwezesha fundi kunisaidia.

Orodha yangu ni hii:

1. Tyubu moja ya mpira wa kawaida, karibu gramu 100. Ziko za plastiki nyepesi, TPU, ambazo hukunjwa zikawa ndogo sana. Zinapendeza, lakini zinataka viraka vyake maalumu, na gundi ya fundi haizishiki. Ukibeba hizo peke yake umejitoa kwenye msaada wa barabara nzima.

2. Vijiko viwili vya plastiki vya kubanjulia tairi. Fundi atatumia bisibisi, na bisibisi hutoboa tyubu nyembamba.

3. Alenki za kukunja, zile spana za pembe sita. Baiskeli ya barabarani imefungwa karibu yote kwa milimita 4 na 5. Spana za Black Mamba hazina pa kushika.

4. Kiungo cha akiba cha cheni, kinacholingana na idadi ya gea zako. Cheni ya gea 11 ni nyembamba sana, na kipande cha cheni pana ya Black Mamba hakiwezi kuiunga.

5. Adapta ya shaba. Hii nimeshaieleza.

6. Viraka vichache na gundi, kwa zile sehemu ambazo hakuna fundi. Ukiteremka barabara ya Magadi utapita mahali parefu penye migunga na mbuzi tu, na miiba ya mgunga haina huruma.

7. Kipande cha pakiti ya maziwa, kikubwa kama kadi ya benki. Tairi likichanika ubavuni, kiweke ndani kati ya tairi na tyubu. Kitakufikisha nyumbani.

8. Noti mbili ndogo. M-Pesa ni nzuri, lakini simu huzima.

Pampu haimo. Nimeifunga kwenye fremu, kando ya chupa ya maji, na sasa naikagua kila mwezi. Mitungi midogo ya gesi ya gramu 16 hujaza tairi kwa sekunde chache, lakini ukishautumia umekwisha, na gesi ile hupenya mpira wa tyubu haraka kuliko upepo wa kawaida. Kesho yake tairi limelegea. Simu na ndizi hukaa mfukoni mwa jezi.

Sasa ndipo tunafika kwenye ujazo. Chukua pakiti tupu ya maziwa ya nusu lita, ioshe, ikate juu, halafu jaribu kuingiza vitu vyako vyote. Vikiingia, tafuta kibegi cha kati ya lita 0.5 na 0.6. Visipoingia, pitia orodha yako kabla hujatafuta kibegi kikubwa. (Ukimaliza, kata kile kipande cha namba 7 kutoka pakiti hiyohiyo.)

Ukiwa dukani angalia mambo haya:

Kwanza, ufungaji. Kibegi kishike kwenye reli mbili za kiti na pia kwenye bomba la kiti. Kikishika sehemu moja tu kitayumba kama mkia wa ng'ombe, na kitakugonga mapaja. Kitikise kikiwa na vitu ndani. Kikipiga kelele dukani, kitapiga kelele kilomita 80.

Pili, upana. Kiwe chembamba upande wa mbele. Velkro ikae mahali ambapo haitakwaruza kaptula yako, kwa maana inakula kitambaa polepole.

Tatu, nafasi. Kama fremu yako ni ndogo na kiti kiko chini, hakikisha kibegi hakigusi gurudumu la nyuma.

Nne, zipu. Mvua za Aprili zikinyesha, gurudumu la nyuma hurusha maji na tope moja kwa moja kwenye kibegi. Zipu iwe na kifuniko. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku hapa Kenya Agosti 2017, kwa hiyo mimi hutia tyubu ndani ya soksi kuukuu. Soksi huizuia isisuguliwe na alenki mpaka itoboke, kisha hukufutia mikono grisi.

Tano, kitanzi cha taa nyekundu nyuma. Kama hakuna, hesabu kwamba utanunua kishikio kingine.

Sita, kitoke haraka. Ukiegesha baiskeli mjini Nairobi, kibegi kinaingia nawe ofisini.

Na usidhani lazima kitoke ng'ambo. Nimeona fundi wa viatu akishona kimoja kizuri kwa turubai na mikanda ya begi la mtumba. Mpelekee ile pakiti ya maziwa awe na kipimo.

Kwangu mimi kibegi kidogo si cha kujionyesha kwamba baiskeli yangu ni nyepesi. Kinanikumbusha kila asubuhi kwamba sehemu kubwa ya vifaa vyangu imo mikononi mwa watu nisiowajua, walioketi kando ya barabara na karai la maji. Basi ukipita soko lolote, punguza mwendo, uwasalimie.

Safari njema.