Barua kwa mpwa wangu wa Ndosho: kabla ya Septemba

Bukavu, mwanzo wa Juni

Mpwa wangu mpendwa,

  Mama yako ameniambia kwamba wewe na mke wako mnataka kutumia akiba yenu kununua viti vipya na kupaka rangi sebule. Nimeona nikuandikie kabla pesa haijatoka. Mvua zimekwisha, kiangazi kimeingia, na nyumba ya mbao pale Goma ina miezi mitatu tu ya kutengenezwa kwa utulivu: Juni, Julai na Agosti. Yale mapumziko ya mvua ya Januari ni mafupi mno, yanatosha kuziba tundu, hayatoshi kutengeneza paa. Septemba ikifika mawingu yatakuwa yamerudi, na fundi utakayemwita atakuwa anaitwa na mtaa mzima.

Mlima ukitajwa Goma, watu hufikiria moto. Wana sababu. Lava ya Nyiragongo ilishuka tarehe 10 Januari 1977, ikashuka tena 17 Januari 2002, na tena 22 Mei 2021. Ile ya 2002 ilipita katikati ya mji hadi ziwani, ikafunika karibu asilimia 13 ya mji na kuacha watu wapatao 120,000 bila makao. Ile ya 2021 ilisimama Buhene, karibu kabisa na uwanja wa ndege. Lakini katika miaka yote niliyofanya useremala katika mitaa ya Majengo, Birere na Katoyi, nyumba nyingi nilizoitwa kuziokoa hazikuguswa na lava. Zilikuwa zinaliwa na moshi wa mlima, polepole, kuanzia juu. Nyiragongo na Nyamulagira hutoa gesi usiku na mchana. Gesi ya salfa, na zile zenye klorini na florini, huingia katika mawingu, na mvua ikinyesha inashuka na asidi. Upepo mara nyingi hutoka mashariki na kuusukuma moshi huo kuelekea Rusayo, Sake na Masisi, ndiyo maana mabati ya huko hayadumu. Ninyi mko upande wa magharibi wa mji. Siku upepo ukilegea kidogo, mnapata fungu lenu.

Kwa hiyo akiba yenu iende kwenye paa kwanza. Viti vitasubiri.

Panda asubuhi, umande ukiwa umekauka na bati halijawaka jua. Weka ubao mpana wa kutembelea, na usipokuwa nao kanyaga kwenye mistari ya misumari tu, maana chini yake ndipo penye boriti. Usianze kwa kutazama katikati ya bati. Katikati huharibika mwisho. Tazama sehemu tatu: pale bati moja linapolala juu ya lingine, ukingo wa chini karibu na mfereji, na kuzunguka kila msumari. Kwenye mapishano majivu na vumbi jeusi hukaa na unyevu wake, na asidi hupata muda wa kufanya kazi. Inua ncha ya bati kidogo kwa bisibisi uone ndani. Kisha gonga kwa kifundo cha kidole. Bati zima lina mlio mkali. Lililooza hujibu kwa sauti nzito, iliyofifia, hata kama rangi yake kwa juu bado inadanganya.

Misumari ndiyo nitakayokusumbua nayo zaidi. Chini ya kichwa cha kila msumari wa bati kuna kipande cha mpira. Jua la miaka kadhaa hukikausha, kikapasuka, maji yakapita taratibu kando ya msumari na kuingia kwenye boriti. Ndani ya nyumba huoni tone lolote. Mti unakunywa maji yote, na siku moja upepo wa mvua unakuja, msumari unatoka bila kubishana kwa sababu mti uliokuwa umeushika umekuwa unga. Ukiona duara jekundu la kutu kuzunguka kichwa cha msumari, ung'oe. Usiupige nyundo tena katika tundu lile lile. Ziba tundu la zamani kwa lami, kisha pigilia msumari mpya pembeni yake, juu ya mgongo wa wimbi la bati, kamwe si bondeni ambako maji yanapita.

Zile tundu za risasi za mapigano ya Januari 2025 najua bado zipo upande wa jiko, kama zilivyo kwenye mapaa mengi ya mji. Mama yako anasema mliziba kwa sabuni na kipande cha nailoni. Kwa usiku ule ilikuwa sawa. Sasa zifanyieni kazi ya kweli: bolti fupi, mpira juu na mpira chini, lami katikati, kaza. Kama tundu limechanika kuliko upana wa kidole gumba, badilisha bati zima. Kiraka kilichobandikwa katikati ya bati, ambacho ukingo wake wa juu haujaingia chini ya bati la juu yake, ni njia ya kuingizia maji tu.

Ukienda kununua, usikubali kuuziwa kwa macho. Bati namba 32 ni jembamba kuliko namba 28, ingawa namba yake ni kubwa. Wauzaji wengine hunyamaza kuhusu hilo. Kwa hewa ya Goma namba 28 ni nafuu hata ikiwa bei yake inauma, kwa sababu ile zinki ya juu ndiyo ngao, na asidi ikishaila, chuma kinene huchelewa kutoboka kuliko chembamba. Mabati ya zamani ambayo bado yana mlio mzuri, yapigeni brashi ya waya, myafute vumbi, myapake rangi ya kuzuia kutu, kisha rangi ya mafuta juu yake. Fanyeni Julai. Rangi iliyopakwa juu ya bati lenye unyevu hubanduka kabla ya Krismasi.

Ukitoka kwenye paa, fuata maji yanakokwenda. Safisha mifereji yote ya paa, na kabla ya mvua za Septemba fungua tangi, mwingie wenyewe na brashi, mtoe tope jeusi lililo chini. Bomba la kuingizia maji liwe na kiungo cha kuchomoa kwa mkono. Mvua za kwanza zikianza, lichomoeni. Mvua hizo zioshe paa kwanza, maji yake yamwagike kwenye mawe. Baada ya hapo ndipo mrudishe bomba, na kitambaa cha chandarua juu ya mdomo wa tangi.

Hapa nisikilize vizuri kwa ajili ya mtoto wenu. Maji ya paa ni ya kufulia, kuoshea vyombo na kupigia deki. Ya kunywa na ya kupikia uji wake yatoke kwenye bomba la Regideso, shirika la maji, au mahali maji ya ziwa yanapotiwa klorini. Watu wengi husema, nimeyachemsha, yamekuwa salama. Kuchemsha kunaua vijidudu, klorini inaua vijidudu, lakini florini ya mlima haiondoki kwa moto wala kwa klorini. Ukichemsha sana maji yanapungua, florini inabaki pale pale. Watoto wanaokunywa florini nyingi wakati meno yao ya ukubwani bado yanajijenga huyatoa yakiwa na madoa ya kahawia yasiyofutika maisha yote. Umewaona wengi wa vijiji vya chini ya moshi. Wa kwenu bado ana muda, tafadhali mlindeni.

Sasa kuta. Kiangazi mbao husinyaa, na mtaona mwanga ukipenya kati ya ubao na ubao. Msishindilie matambara na karatasi katika nyufa hizo, maana Oktoba ubao ukinywa maji na kuvimba utasukumana na mwenzake hadi ujikunje. Funika ufa kwa kibao chembamba kwa nje, na kibao hicho kipigilieni kwenye ubao wa upande mmoja tu, ili ule mwingine ubaki huru kucheza chini yake. Hili mafundi wa haraka hawalifanyi. Wanapigilia pande zote mbili, kibao kinapasuka, mwenye nyumba anazilaumu mbao. Na mlango ukikwama Novemba, usilete randa. Ukiuranda Novemba, Julai utapitisha mkono mzima penye pengo. Vumilia, upake sabuni pembeni, usubiri ukauke.

Mbao za chini kabisa ndizo zinazooza kwanza, kwa sababu matone ya paa hupiga mawe na kuzirudia. Mkwaruze tope lote lililoegemea ukuta, mawe ya msingi yaonekane, na ubao usiguse ardhi. Kisha mpake oili chafu ya gari mara mbili. Ya kwanza ubao uinywe na ukauke, ndipo ya pili. Lakini ukuta wa jiko msiuguse kwa oili.

Maana kiangazi ndiyo majira ya moto pia, na moto huu hautoki mlimani. Nyumba za mbao zimebanana, upepo unavuma kutoka ziwani mchana, mbao zimekauka hadi zinalia. Birere imeungua mara nyingi kiasi kwamba wazee wa huko hawahesabu tena, na vichochoro vyake haviruhusu gari la kuzima moto kufika penye moto. Mbabula, lile jiko la makaa, isiwashwe ndani, na makaa yakiisha kazi yazimwe kwa mchanga, si kuachwa yafe yenyewe chini ya meza. Ndoo mbili za mchanga mweusi zikae mlangoni daima. Waya za umeme zilizopigiliwa moja kwa moja juu ya mbao zitoeni, mzipitishe kwenye bomba la plastiki, na muunganisho wowote uliofungwa kwa nailoni ukatwe leo, si kesho. Ongea pia na jirani wa upande wa mashariki kuhusu jiko lake. Mwendee kwa heshima, umpelekee ndoo ya mchanga kama zawadi. Moto wake ni wako.

Radi: Kivu ni kati ya sehemu za dunia zinazopigwa sana na radi, na sisi tunaishi juu ya mwamba mkavu ambao haupokei umeme vizuri. Kinga ya radi inayoishia kwenye fimbo ya shaba iliyochomekwa kati ya mawe mawili ni pambo. Tafuteni shimo la kina kadiri mwamba utakavyoruhusu, mzungushe waya wa shaba humo, mjaze udongo uliochanganywa na makaa yaliyopondwa na chumvi, na kiangazi mmwagie maji mara kwa mara.

Choo nacho kikaguliwe kabla ya mvua. Juu ya lava hatuchimbi tunavyotaka, na tundu likijaa wakati wa mvua uchafu hutafuta njia kati ya mawe. Julai 1994 wakimbizi wa Rwanda walipofika Goma, mwamba huu huu ulikataa vyoo na hata makaburi, na kipindupindu na kuhara vilichukua makumi ya maelfu ya watu katika wiki chache. Mwite mtu wa kuzoa Agosti, likiwa bado na nafasi. Na yeyote atakayetaka kuingia shimoni au pango lolote kwenye parseli, hasa alfajiri kabla upepo haujaamka, mzuieni kwanza. Mazuku, ile gesi inayotoka ardhini, haina rangi wala harufu, hulala mahali pa chini, na mtu aliyeinama hatambui kitu hadi miguu inamkatalia.

Ardhi ikitetemeka, kama ilivyotetemeka siku nyingi baada ya ile lava ya 2021, nyumba yetu ya mbao itacheza na kusimama tena. Za matofali ndizo zilizopasuka. Hata hivyo siku inayofuata zunguka nguzo zote, kagua kama tangi halijaegama, na ujaribu kama milango yote inafunguka. Mlango wa nyuma usiwekewe kabati mbele, kamwe. Karatasi za parseli na za mtoto zikae kwenye mfuko mmoja wa plastiki karibu na mlango huo, na rangi ya tahadhari inayotangazwa na OVG, kituo cha uchunguzi wa volkano cha Goma, uiangalie kila unapopita.

Najua ni kazi nyingi na pesa ni chache. Kama hamwezi yote mwaka huu, fanyeni misumari, mifereji na waya. Hayo matatu hayasubiri mwaka ujao. Mama yako ana nyundo yangu ya kung'olea misumari na brashi ya waya, nilimwachia kwenye sanduku la kijani. Kazichukue Jumamosi hii, upande juu, uhesabu misumari yenye duara jekundu upande wa jiko, unipigie simu uniambie idadi. Nitakutumia ya mpira kwa boti ya kwanza.

Mjomba wako.