Daftari la Duka na Fomu za Tathmini

Kijana wa bodaboda, mzaliwa wa Tukuyu, alikuwa akimpeleka mwandishi wa makala haya Katumba alipoulizwa kama wazee wake wamewahi kumsimulia matetemeko ya ardhi. "Matetemeko yapi, mzee? Hayo si ya Bukoba?" Jibu lilimkera mwandishi, kisha likamuuma. Kijana amekulia chini ya Mlima Rungwe, na upande wa Busokelo uko Kyejo, volkano iliyotema moto mara ya mwisho yapata mwaka 1800. Hakuna aliyempa habari za kwao.

Kati ya mwaka 2000 na 2001 ardhi ya Rungwe ilitikisika tena na tena. Kwa vipimo, hayakuwa matetemeko makubwa kama lile la Bukoba, mkoani Kagera, la 2016. Lakini yalirudi mpaka watu wakaanza kunong'ona kwamba Kyejo unaamka. Tarehe zake zimechanganyika vichwani mwa waliokuwapo, na si neno. Wanachokumbuka ni kulala migombani, mvua ya Tukuyu ikinyesha, watoto wamebanana chini ya turubai moja.

Zilizoumia zaidi ni nyumba za matofali zilizojengwa bila nondo wala linta. Zile za kale za mianzi na udongo, ambazo vijana walikwisha kuzionea haya, nyingi ziliyumba tu zikabaki zimesimama.

Mjini Tukuyu palikuwa na duka la vifaa vya ujenzi. Ukiingia ulipokewa na harufu ya mafuta ya taa, kamba za katani, simenti iliyoanza kushika unyevu na mabati mapya yaliyoegemezwa ukutani. Mwenye duka alikuwa mzee wa maneno machache. Daftari lake la mikopo lilikuwa limevimba kwa unyevu, jalada limeshonwa kwa uzi wa gunia. Mtu akija na habari ya ukuta kuanguka aliulizwa anatoka kijiji gani, nani anamfahamu, na fedha ya chai au kahawa anaitegemea lini. Basi. Aliondoka na misumari, turubai, pengine mabati mawili matatu. Wengi walilipa msimu ulipofika. Mama mmoja alilipa kwa mikungu ya ndizi, mmoja baada ya mwingine, na kila mkungu uliandikwa kwenye daftari kama fedha taslimu. Wapo ambao hawakulipa kabisa, na mzee yule hakuwataja majina mbele ya mtu. Waliomshukuru kwa "ndaga fijo" aliwajibu kwa kuwauliza hali ya watoto.

Fomu zilikuja baadaye. Watathmini walipita nyumba kwa nyumba, wakahesabu nyufa, wakaandika majina. Orodha ya kijiji kimoja ilirudishwa na ofisi moja kwa kukosa sahihi, ikaandikwa upya, na iliporudi mara ya pili baadhi ya waliotajwa walikwisha kuinua kuta zao. Mahali pengine unga ulifika ukafungiwa stoo ukimsubiri kiongozi wa kuukabidhi. Wenye njaa walikusanywa tangu asubuhi, wakaimba, wakangoja. Hasira ya siku ile haijaisha.

Sheria iliyokuwapo wakati huo, ya mwaka 1990, ilihusu uratibu wa misaada: maafa yakishatokea, nani agawe nini. Ikaja ya 2015, kisha ya 2022, zikizungumza pia kujiandaa na kuzuia. Kwenye karatasi yamekuwa mabadiliko makubwa na mazuri.

Utekelezaji umeyumba. Baada ya tetemeko la Kagera la Septemba 10, 2016, Rais Magufuli alitengua uteuzi wa maofisa wawili waandamizi kwa tuhuma za kufungua akaunti ya michango yenye jina linalofanana na ile rasmi. Januari 2017 akiwa Bukoba aliwaambia wananchi kwamba Serikali haitawajengea nyumba. Fedha zingekwenda kwenye shule, zahanati na miundombinu mingine ya umma. Desemba 2023 tope liliposhuka kutoka Mlima Hanang na kuua watu zaidi ya 80, Serikali iliwajengea nyumba waliopoteza makazi. Uamuzi wa Hanang ulikuwa wa haki. Lakini mkulima wa Rungwe atajuaje kama siku yake ikifika atajibiwa kama Bukoba au kama Hanang? Jambo hilo halipaswi kutegemea nani yuko Ikulu wala kamera ngapi zimefika.

Karibu zaidi na Rungwe, Aprili 2024 tope lilishuka Itezi, jijini Mbeya, likafunika nyumba na shule. Rungwe yenyewe ina miteremko mikali, udongo wa majivu ya volkano na mvua inayopita milimita 2,000 kwa mwaka sehemu nyingi, na wilaya hiyo moja ina halmashauri mbili, Rungwe na Busokelo. Kamati za maafa zimeagizwa mpaka vijijini. Mwandishi anataka zipewe stoo: maturubai, misumari, mabati, na mtendaji wa kata mwenye ruhusa ya kuvitoa siku ileile, fomu zifuate nyuma.