Bwana Apitaye Katikati ya Kambi

Katika Kumbukumbu la Torati 23, mstari wa 12 hadi wa 14, Waisraeli wanaagizwa kutenga mahali pa haja nje ya kambi, na kila mtu awe na kijiti cha kufukia uchafu wake. Sababu inayotolewa ni kwamba Bwana hutembea katikati ya kambi. Fungu hilo halihubiriwi mara nyingi. Sisi nyumbani lilitugusa pale mama yetu alipoanza kuogopa kunywa maji.

Alikuwa ameteremka kutoka milima ya Uluguru kuja kukaa nasi Morogoro mjini, magoti yakiwa yamechoka. Choo chetu kilikuwa cha kuchuchumaa. Hakulalamika, alipunguza tu kunywa, ili asilazimike kwenda mara kwa mara. Mkojo ukaanza kumchoma. Daktari alimtibu, kisha akatuuliza, "Choo chenu kikoje?"

Tukamwita fundi. Alivunja sakafu, akang'oa sinki la zamani, akaweka choo cha kukaa na bomba la kushikia ukutani. Lakini Mama alipobonyeza na kuona maji yakienda, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Wanangu, si ndiyo haya haya mnayopikia chai?"

Yeye amebeba ndoo kichwani tangu utotoni; anajua maji yanatoka wapi. Mto Ngerengere hushuka Uluguru na kujaza Bwawa la Mindu, linalohudumia mji wetu. Mto Ruvu, nao wa milima hiyo hiyo, hunywesha watu hadi Dar es Salaam.

Basi fundi akarudi. Alikata tawi la bomba la mjini lililoingia chooni, akaliziba kabisa, akavuta bomba jipya la nusu inchi kutoka tanki la maji ya mvua. Hakuunganisha njia hizo mbili kwa koki, kwa sababu koki ikichoka, maji ya tanki yanaweza kurudi kwenye maji ya kunywa. Kiangazi, tanki likikauka, tunamwaga kwa ndoo maji tuliyofulia nguo.

Martin Luther, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, alipoeleza mkate wa kila siku alitaja pia nyumba na majirani wema. Choo kimo humo. Na amri ya nne, ya kuwaheshimu wazazi, haiishii kwenye salamu na kitenge cha Krismasi. Inaingia hadi mahali ambapo mzazi anaona aibu kuomba msaada.

Wapendwa, tuangalie nyumba zetu, na vyoo vya sharika zetu pia. Yuko mzee anayeondoka ibadani mapema, nasi tunadhani amechoka na mahubiri. Tumuulize kwa upole kama ana mahali pa kukaa. Bwana anayepita katikati ya kambi hupita huko nako.