Jua Tunalo, Fundi Je?

Ukambani jua halikopwi. Safiri kutoka Wote hadi Kitui nawe utaona paneli za sola juu ya mabati na kando ya visima. Lakini pampu ya kisima chetu huko Makueni ilipokwama mwaka jana, akina mama walirudi kufukua maji mchangani kwa wiki tatu wakimngoja fundi kutoka Nairobi. Kumbe ni waya tu uliolegea!

Je, vijana wetu hawana ujuzi? Wanao. Binamu yangu alisomea umeme chuoni, na leo anafunga taa katika maghorofa ya Nairobi. Nilimwuliza mbona hafanyi kazi ya sola nyumbani. Alicheka.

“Dada, kufunga hulipwa mara moja. Kutunza, nani atanilipa?”

Ana haki. Kanuni za 2012 zilidai fundi wa sola awe na leseni, ya daraja la T1, T2 au T3. Nani atagharimia hayo yote kwa ajili ya kibarua cha siku moja?

Shangazi yangu, mweka hazina wa kamati ya maji kule Kitui, anasema wao humtengea fundi wa kijijini shilingi moja kwa kila mtungi unaouzwa. Nimempelekea binamu yangu habari hizo. Bado hajajibu.